Uzi: Chombo gani cha mkono cha kukatia mboga kinafaa? Nimenunua vinne kwa miaka mitatu, naeleza nilichokiona

#1 MamaLishe_Ilala

Habari za jioni wana jukwaa.

Mimi ni mama lishe, nipo Ilala, Dar es Salaam. Kwa siku natoa sahani kama sabini hivi: wali, ugali, maharage, samaki, mchicha au kabichi, na kachumbari ambayo ikikosekana wateja wanauliza. Kabla ya saa kumi na mbili asubuhi natakiwa niwe nimeshakata kilo nne za vitunguu, kilo tano za nyanya, kabichi tatu kubwa, karoti kilo mbili na hoho za kutosha. Banda langu halina umeme, kwa hiyo blenda na wenzake tuwaweke kando. Nazungumzia vyombo vya mkono tu.

Kilichonileta ni binti mmoja jirani anayeanza biashara. Ana sh. 40,000 ya vyombo, akaniuliza, "Mama, katika zile za kukatia mboga ninunue ipi?" Nilianza kumjibu tukiwa tumesimama, tukaishia kukaa saa nzima. Nikaona bora niandike, na nyie mniongezee.

Cha kwanza nilinunua chopa ya kuvuta kamba. Ni kile kikombe cha plastiki chenye mfuniko, ndani kuna mhimili na visu vitatu, unavuta kamba vinazunguka. Sh. 12,000 Kariakoo. Kwa pilipili, kitunguu saumu na tangawizi sina lawama hata kidogo. Unavuta mara kumi, kumi na tano, kazi imeisha na vidole havichomi. Kachumbari ndiyo iliyoniumiza. Visu vinazunguka palepale, kwa hiyo cha chini kinakatwa mara ishirini huku cha juu kimebaki pande zima. Ukivuta zaidi ili cha juu kishuke, cha chini kimeshakuwa uji. Kitunguu kikifikia hapo kinatoa maji na ukali, na kachumbari iliyotengenezwa saa tatu ikifika saa saba inaogelea. Nyanya usijaribu kabisa. Halafu kikombe hakijazwi, unaishia nusu ili visu vipate nafasi. Siku moja nilihesabu vikombe kwa zile kilo nne za vitunguu, nilipofika 22 nikachukua kisu nikamalizia. Mwezi wa tatu kamba ikakatikia ndani.

Cha pili, chopa ya kubonyeza. Hii ni boksi lenye wavu wa nyembe juu, unaweka kitunguu, unashusha mfuniko kwa nguvu, vipande vya mraba vinadondokea chini. Kwa kitunguu, hoho na kiazi kilichochemshwa sijaona cha kushindana nayo. Vipande vyote sawa, hakuna kilichopondeka. Ukilaza nusu ya kitunguu uso wa kukatwa uangalie chini, kinapita mara moja tu.

Lakini asubuhi moja ya Ijumaa, nina haraka, nikalaza karoti nzima juu ya wavu, nene kama vidole gumba viwili. Nikabonyeza kwa viganja vyote, haikupita. Nikasimama nikaweka uzito wa mwili. Nikasikia mlio, mfuniko ukashuka wote, nikadhani imekata. Kuinua, karoti imenasa katikati, nyembe mbili zimepinda kama njiti za kiberiti zilizoungua, na bawaba ya plastiki imepasuka kuanzia pembeni. Sh. 25,000 ikaondoka kwa karoti moja. Wavu ule haunoleki na haunyooshwi. Kama unayo, karoti ikate kwanza kwa kisu iwe miduara ya sentimita moja, ndipo ubonyeze.

Cha tatu ni slaisa, ubao wa plastiki wenye wembe uliolala, unasugua mboga juu yake. Kabichi inatoka nyembamba hadi unaona mwanga. Ilinichukua nyama ya kidole cha pete mwezi uleule. Kile kishikio cha kulinda vidole nilikuwa nimekiacha kwenye boksi lake.

Cha nne, mashine ya kuzungusha kwa mkono yenye pipa la matundu. Inakwangua karoti kilo mbili kwa dakika chache. Chini ina mpira wa kunyonya unaoshika meza. Meza yangu ni ya mbao, tena mbao yenye mikwaruzo, mpira haushiki hata nikiulowanisha. Nikizungusha, mashine nayo inatembea. Nimempa dada yangu mwenye kaunta ya vigae, kwake inafanya kazi vizuri.

Nimerudi kwenye kisu. Kisu cha inchi nane, ubao mpana, na kinoo. Binti nimemwambia aanze na hivyo vitatu, fedha ikibaki aongeze chopa ya kubonyeza kwa ajili ya vitunguu, basi. Kigezo changu ni kimoja: chombo kikipoteza makali, nitaweza kukirudishia mwenyewe? Kama jibu ni hapana, nimenunua kitu cha miezi mitatu.

Sasa ninayoomba kwenu ni mawili. Kwanza, kuna mtu ana chopa ya kubonyeza iliyodumu zaidi ya mwaka? Ikoje? Pili, na hili ndilo linalonigusa zaidi: mama mkwe wangu ndiye aliyenifundisha biashara hii. Sasa baridi yabisi imemshika viganja, hawezi kubana mpini wa kisu. Anakaa pembeni anatutazama, na najua anaumia. Kuna chombo gani kinachoweza kumrudisha kwenye kazi bila kumtesa?

#2 Kibaha2

Pole kwa kidole mama. Kuhusu kamba, chopa yangu ilikatika hivyohivyo. Nilifungua mfuniko wa juu, ndani kuna springi bapa iliyojikunja kama ya saa. Ukifungua ishike, isije ikaruka yote nje. Nikaweka uzi wa nailoni wa kuvulia samaki, ule mnene, nikaunga na kile kishikio cha awali. Mwaka wa pili huu haijakatika. Kwa hiyo kamba inatengenezeka. Ni kweli visu vyake ndivyo havinoleki kirahisi, vimejikunja mno.

#3 MpishiWaShughuli

Assalaam aleikum.

Mimi niko Unguja, kazi yangu kupika shughuli, harusi na maulidi. Nimesoma uzi wote kwa makini na naomba nimtetee slaisa, kwa adabu zote dada yangu.

Biriani inataka kitunguu cha kukaanga. Katika sufuria ya watu mia, kitunguu kikiwa kimoja kinene kingine chembamba, chembamba kitaungua na kinene bado cheupe. Kimoja kikiungua mafuta yote yanakuwa machungu, na mafuta yale ndiyo yanayorudi kwenye sosi. Unene ulio sawa ndio unaookoa biriani. Kwa kisu naweza, nimeanza na kisu nikiwa na miaka kumi na tatu, lakini nikifika kilo ya nane mkono unachoka na unene unaanza kupishana bila mimi kujua. Slaisa haichoki, cha kwanza na cha mwisho ni ndugu.

Ila ina masharti. Tunavaa glovu zile za nyuzi ngumu wanazovaa wauza nyama, na hapa kwangu kijana asiyevaa haishiki. Kitunguu kikibaki robo, robo hiyo haisuguliwi tena, inakwenda kwenye kinu pamoja na saumu. Watu wengi wanajikata kwenye ile robo ya mwisho, kwa kuona hasara kuitupa. Na mkiiosha msiitumbukize kwenye beseni la povu, mwengine ataingiza mkono hajui iko wapi.

Kwa kachumbari nyembamba ya pilau pia hutumia hiyohiyo. Nyanya hapana, nyanya kwa kisu.

#4 MamaLishe_Ilala

Waaleikum salaam. Hapo umenielimisha kaka, mimi sipiki biriani kila siku na sikuwahi kulitazama upande huo. Glovu nitazitafuta. Na ile robo ya mwisho, kweli kabisa, ndiyo iliyonikata.

#5 Fundi_Gerezani

Wakuu, nafua chuma hapa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, visu ni sehemu ya kazi yangu. Mama umesema la msingi kuhusu kunoa. Naomba niongezee, maana watu wananunua kisu kwa kung'aa.

Visu viko vya aina mbili jikoni kwetu. Kuna vya dukani visivyoshika kutu. Vingi vya bei ya chini vimekatwa kutoka kwenye bati jembamba, ukikibonyeza kwenye ubao kinapinda. Vile vizuri vya aina hiyo vipo, angalia kama chuma cha kisu kimeingia hadi mwisho wa mpini na kimefungwa kwa ribiti mbili au tatu. Kama kimechomekwa tu kwenye plastiki, siku moja kitabaki kwenye kabichi na mpini ubaki mkononi.

Aina ya pili ni hivi vyetu vya springi za gari. Chuma cha springi kina kaboni ya kutosha, kikichomwa hadi kiwe chekundu kikazimwa kwenye mafuta kinakuwa kigumu, kisha tunakipasha tena kidogo kisivunjike. Kinashika makali kuliko vingi vya dukani. Ubaya wake kinashika kutu. Ukimaliza nyanya au ndimu, osha, futa papo hapo, paka tone la mafuta ya kupikia. Ukikiacha usiku kwenye beseni, asubuhi utakikuta chekundu.

Kunoa kwenyewe. Nunua kinoo cha pande mbili, upande wa kukwaruza namba 400 au karibu na hapo, upande laini namba 1000. Kiloweke kwenye maji hadi povu liache kutoka. Laza kisu juu ya kinoo, kisha inua mgongo wake. Kwa kisu chenye upana wa sentimita nne, mgongo uinuke kama sentimita moja na nusu kasoro kidogo. Hapo umepata pembe ya nyuzi 20, zinafaa kwa kazi za jikoni. Shikilia hapohapo, usitikisike, sukuma kutoka kisigino hadi ncha. Rudia hadi upande wa pili ukipitisha kidole kwa upole, kutoka mgongoni kuelekea nje, unahisi kama ukoko mwembamba unakwaruza. Ukoko huo ndio dalili kwamba umefika kwenye makali. Geuza, fanya vilevile. Malizia upande laini, kila mkupuo ukipunguza nguvu.

Jaribu kwenye nyanya iliyoiva. Weka kisu juu ya ganda, usikandamize, vuta tu. Kikiingia chenyewe, tayari. Kikibonyea ganda bila kuingia, rudi kwenye kinoo.

Siku huna kinoo, geuza kikombe cha udongo wa kauri, ule ukingo wa chini usio na rangi unarudisha makali ya kumalizia siku. Na naomba sana: msikatie juu ya vioo, vigae wala sahani. Kazi ya kunoa nusu saa inaharibika kwa dakika mbili kwenye kigae. Ubao wa mbao.

#6 Neema_wa_Singida

Swali kwa fundi na mama. Je, ni kweli kisu chenye makali kinapunguza machozi ya kitunguu au ni maneno ya watu? Mimi nalia hadi sioni.

#7 Mwl_Kemia

Dada Neema, ni kweli, naomba nijibu kwa vile ni fani yangu darasani.

Kitunguu kizima hakina hewa ya kuliza. Kemikali zake zenye salfa ziko sehemu moja ya seli, na vimeng'enya, yaani vichocheo vya mabadiliko ya kemikali, viko sehemu nyingine. Seli ikipasuka vinakutana. Zamani ilidhaniwa kimeng'enya kimoja kinafanya yote, hadi mwaka 2002 watafiti wa Japani walipoonyesha kwamba kipo kimeng'enya kingine maalumu kinachotengeneza ile hewa inayofika machoni. Sasa, kisu butu kinaponda seli nyingi pembeni ya njia yake, na chopa ya kamba inaponda zaidi ya hapo. Kisu kikali kinapasua zile tu zilizo kwenye njia. Seli chache, hewa chache.

Hiyo pia ndiyo sababu ya ukali alioutaja mama kwenye kachumbari ya chopa ya kamba. Ukiweza, weka vitunguu mahali pa baridi kabla ya kukata, ubaridi unapunguza kasi ya vimeng'enya. Sehemu ya shina, ile yenye mizizi, ikate mwisho.

#8 MamaMboga_Nairobi

Hamjambo nyote. Mimi nauza mboga Nairobi na karibu kila mteja wa jioni anataka sukuma wiki iliyokatwa tayari. Nimejaribu kutafuta kifaa cha sukuma na sijapata. Mwanzilishi hukuitaja kabisa mboga ya majani, na ndiyo wengi wetu tunakata kila siku.

Sisi hatutumii hata ubao. Majani kumi au kumi na tano unayapanga, unayakunja pamoja kama mkeka, unayabana kwa mkono wa kushoto, na kisu kinapita mbele ya ngumi kutoka juu kwenda chini, mboga inaangukia kwenye karatasi. Kila unapokata, ngumi inarudi nyuma kidogo. Kisu ni chembamba, kifupi, na kimenolewa asubuhi hiyo. Mtu mzoefu anakata nyembamba kama uzi huku anaongea na mteja na kurudisha chenji. Lakini siwezi kumwambia mtu mgeni aanze hivyo. Wasichana wanaokuja kujifunza kwangu wanaanzia kwenye ubao, vidole vimekunjwa kucha ziangalie ndani, bapa la kisu liguse fundo la kidole na si ncha yake. Miezi miwili, ndipo tunaondoa ubao.

Na tafadhali, oshani mboga kabla ya kukata. Ikishakatwa ukaiosha, vitamini C na madini vinaondoka na yale maji ya kijani.

Zile chopa za kubonyeza nilinunua moja kwa ajili ya kachumbari ya kibanda cha mume wangu. Iko mwaka wa pili. Siri ni kwamba wavu wake ni wa chuma na fremu yake pia ni ya chuma, plastiki ni boksi la chini tu. Zile ambazo nyembe zimechomekwa kwenye plastiki tupu hazifiki mbali. Pia bawaba yake ina pini ya chuma, ikichakaa fundi wa Kamukunji ananibadilishia.

#9 MamaLishe_Ilala

Asante sana dada, hiyo ndiyo niliyokuwa naitafuta. Yangu nyembe zilichomekwa kwenye plastiki kweli, nimekwenda kuitazama sasa hivi. Na ni kweli mchicha na sukuma nimezisahau, samahani, mkono wangu unazikata bila kufikiri.

Nyongeza ya usafi, kwa anayefanya biashara. Wakati wa kipindupindu cha 2015 hapa Dar tulibanwa sana kwenye vyakula visivyopikwa, na tangu hapo chombo cha kachumbari nakitazama kwa jicho jingine. Kabla ya kununua chochote, kifungue chote pale dukani. Kila kona ambayo brashi ya meno haifiki, mabaki ya nyanya yatafika. Kisu kina pande mbili tu, kinaoshwa kikakauka. Chopa ya kubonyeza inakuja na kichana kidogo cha plastiki cha kusafishia wavu, msikitupe.

#10 MtotoWaMoro

Mama, nimesoma kigezo chako cha kwanza, kwamba chombo ambacho huwezi kukinoa usikinunue. Naomba nikupinge kwa heshima, kwa sababu ya lile swali lako la pili.

Mama yangu mzazi alipata kiharusi. Mkono wa kushoto haujarudi. Nyumbani kwetu Morogoro yeye ndiye alikuwa jiko lenyewe. Miezi ya mwanzo tulimwambia apumzike, tukadhani tunamhurumia. Akawa hali vizuri, hazungumzi. Mtaalamu wa mazoezi pale alipokuwa anatibiwa ndiye aliyetuuliza, "Zamani siku yake ilikuwa inapitaje?" Tukasema kupika. Akasema basi mazoezi yake yaanzie huko.

Alituchorea ubao, tukaupeleka kwa seremala. Ni ubao wa kawaida wa kukatia, mnene sentimita mbili. Katikati kutoka chini zimepigwa misumari miwili isiyoshika kutu, imetokeza juu sentimita tatu, ikipishana kama upana wa vidole viwili. Kitunguu unakichomeka kwenye misumari, kinakaa. Mkono mmoja unakimenya na kukikata, hakuna anayekishika. Kwenye pembe moja seremala amepigilia vipande viwili vya mbao vinavyokutana kama herufi L, vya kuzuia nyanya au mkate usikimbie. Chini tunatandika kitambaa kibichi ili ubao usiteleze. Akimaliza, misumari tunaivika gunzi la muhindi lililokauka, watoto wasiumie.

Siku ya kwanza alikata kitunguu kimoja kwa muda mrefu sana. Vipande vikubwa, havifanani. Akaviweka kwenye sahani, akaomba tuvipikie mchuzi yeye akiangalia. Hakuna aliyesema neno mezani, tulikula tu.

Kwa mama mkwe wako hali ni tofauti, yeye mikono yote anayo ila haibani. Kwa hiyo mtafutie kitu ambacho hakishikwi kwa vidole. Chopa ya kubonyeza inasukumwa kwa kiganja kizima, au hata kwa mkono wa mbele karibu na kiwiko. Kuna pia visu vyenye umbo la mwezi mwandamo, mpini uko juu yake, unayumbisha kushoto na kulia kwa uzito wa bega. Na kisu cha kawaida, mpini wake uuvike mpira wa baiskeli hadi unenepe, kitu kinene hakihitaji kubanwa sana. Kama chopa itadumu miezi mitatu halafu ununue nyingine, kwake hiyo si hasara.

#11 Fundi_Gerezani

Nakazia. Kisu cha mwezi naweza kukufulia mama, springi ninazo. Mpini nitauweka mmoja mpana juu, wa mti wa mwembe. Njoo na yeye mwenyewe, nipime mkono wake.

#12 MamaLishe_Ilala

MtotoWaMoro, nimesoma ujumbe wako mara tatu, nikamsomea na mume wangu. Umenipinga na umenipinga sawasawa. Kigezo changu nilikiandika kwa mikono yangu mimi, mikono mizima. Nitafanya ulichosema kisha nitarudi hapa niwaambie. Mwambie mama shikamoo yetu.

#13 MamaLishe_Ilala

Wapendwa, nimerudi. Wiki sita zimepita, samahani kwa kimya.

Nilinunua chopa ya kubonyeza yenye fremu ya chuma kama alivyoelekeza dada wa Nairobi. Niliifungua yote dukani, nikasukuma nyembe kwa kidole pembeni kuona kama zinacheza. Moja ilicheza, nikaikataa, nikapewa nyingine. Sh. 38,000.

Kwanza tuliiweka mezani, mama mkwe akashindwa. Meza iko juu, mkono wake haukupata uzito. Tukaishusha kwenye kigoda, yeye akakaa kwenye kiti cha kawaida, ikawa chini ya magoti yake. Hapo akainama kidogo, akaweka mkono wa mbele juu ya mfuniko, akashusha na mwili. Hoho ikapita. Akatazama vipande vile kwa muda, akaomba nyingine.

Tumegawana kazi hivi: mimi nakata vitunguu na hoho nusu kwa nusu, nampangia kwenye sinia, yeye anabonyeza. Karoti hatumpi. Hatumpi zaidi ya kilo moja na nusu kwa siku, na asubuhi za baridi anaanza kwa kuloweka viganja kwenye maji ya uvuguvugu. Siku mbili alijiona yuko vizuri akazidisha, usiku viganja vikavimba, kwa hiyo sasa mume wangu ndiye anayehesabu.

Kisu cha mwezi fundi alikifua, na alimpima mkono kweli, akamkalisha kwenye benchi lake akamshikisha vipande vitatu vya mti hadi akapata unene usiomuuma. Anakitumia kwa mchicha na majani ya kotimiri. Kabichi bado ni ngumu kwake.

Yule binti jirani alinunua kisu, ubao na kinoo. Fedha iliyobaki anaiweka kwa ajili ya chopa. Alikuja juzi kuniazima kinoo, chake kimevunjika katikati baada ya kuanguka, nikamwonyesha kwamba nusu ya kinoo nayo inanoa.

#14 MtotoWaMoro

Nimefurahi mno. Mama amesikia, anasema hoho zisukumwe ganda likiangalia juu, nyama ya ndani ndiyo ianze kugusa wembe, zinapita kwa nguvu kidogo.

#15 MamaLishe_Ilala

Tumejaribu asubuhi hii, ni kweli kabisa. Mama mkwe anamshukuru. Na amesema kesho nimletee hoho nyekundu, za kijani amezichoka.